Makali ya Durban, Barafu ya Johannesburg

Mtu akisema Durban hakuna barafu, mimi namwambia ipo, na jeuri yake nimeionja. Albert Park, mtaani kwetu, walinicheka kila nilipoeleza kazi yangu. Nje jua linapiga mpaka lami inanata kwenye soli, na ndani ya jengo moja mwendo mfupi kutoka ufukweni watoto wamevaa sweta na glavu, wanateleza juu ya maji yaliyogandishwa kwa mashine, wanapigania kidude cheusi cha mpira kwa magongo. Hoki ya barafuni. Mzee mmoja wa kanisani aliniuliza kwa upole kama hao watoto wana wazazi. Nilimwambia wanao, tena wengi mno, na kila mmoja ana maoni.

Nilianza pale kwa kulinda magari. Lubumbashi nilikuwa fundi wa mashine katika karakana ya kampuni ya shaba, miaka kumi na mmoja ya kuchonga chuma kwa vipimo vya unywele. Vita vikatutoa, tukafika Durban mimi na mke wangu miaka ile ya mwisho ya tisini, na mji ukanipa kizibao cha rangi ya chungwa na neno moja la kumwambia mwenye gari: sharp, yaani mambo safi. Nilikuwa na hasira tangu siku ya kwanza, sitaki kudanganya. Kulinda magari si aibu. Nusu ya wanaume wa kwetu walikuwa wakiifanya kazi hiyo, walimu na makarani wakiwemo. Kilichoniudhi ni kwamba mikono yangu ilijua kitu na hakuna aliyeiuliza.

Kutoka maegeshoni nilikuwa nikisikia mashine ya kunolea viatu vya barafu ikilia. Fundi husikia chuma kinapoteswa. Jiwe lake la kunolea lilikuwa limelika upande mmoja, na aliyekuwa akilitumia alikuwa akilisukuma tu. Siku moja niliingia ndani na kizibao changu, nikamwambia meneja kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba jiwe lake limepinda. Aliniangalia kana kwamba gari limemsemesha. Mwezi uliofuata mtu wake wa kunoa aliacha kazi, na meneja akanikumbuka. Akanipa ufunguo wa kichumba nyuma ya kaunta, bila karatasi yoyote, bila mkataba. Nililisawazisha lile jiwe asubuhi moja, na tangu siku hiyo mashine ikaimba.

Hapo ndipo nilipoijua timu ya vijana ya mkoa. Historia yake niliipata kwa masikio, maana wazazi walikuwa wakisimama mlangoni pangu wakisubiri viatu na wakiongea kana kwamba mimi ni sehemu ya mashine. Ilianzishwa na akina baba wachache, watoto wao wakivaa vikinga vya ugoko vya mpira wa miguu kwa kukosa vya hoki. Kila mwaka ilipanda Johannesburg kwenye mashindano ya mikoa, na kila mwaka ilirudi imepigwa. Kamati ya wazazi ilikuwa na sababu nyingi kuliko magoli. Hewa ya juu nyepesi, watoto wanakosa pumzi. Chakula cha hoteli. Waamuzi. Katibu wa kamati, bwana mmoja wa mtaa wa kitajiri wa Morningside mwenye sauti ya mahubiri, alikuwa akiziandika zote kwenye daftari, maana alisema siku moja ataandika kitabu cha historia ya timu.

Mimi sababu niliijua, na niliijua kwa vidole.

Chuma cha kiatu cha barafu hakinolewi kama kisu. Kisu kina ukingo mmoja. Chuma hiki kina kingo mbili, na kati yake jiwe linachimba kimfereji chembamba kutoka kisigino hadi ncha. Ukikichimba sana, kingo zinauma barafu. Ukikichimba kidogo, kiatu kinapita kwa ulaini. Sasa, Durban ina unyevu, hata ukuta unatoa jasho. Barafu yetu ilikuwa laini, juu yake ukungu, saa nyingine paa likiidondoshea matone. Kwenye barafu ya namna hiyo kingo zenye njaa zinazama, mtoto anakwama na kuanguka kifudifudi. Kwa hiyo tulikuwa tukichimba kidogo, na kwa hapa ilikuwa sawa.

Kisha ikaja timu ya wageni kutoka Johannesburg kucheza mechi ya kirafiki. Watoto wao walilalamika kwamba barafu yetu inawashika miguu, wakaniletea viatu vyao. Nilipitisha kidole chini ya chuma na nikacheka peke yangu kichumbani. Mfereji ulikuwa wa kina mara mbili ya wetu. Kule juu hewa ni kavu na barafu ni ngumu kama sakafu ya saruji. Lazima chuma kiume. Na sisi miaka yote tulikuwa tukipeleka watoto wetu kwenye saruji na makali ya uji. Hawakukosa pumzi. Walikosa pa kukanyagia.

Nilimwambia meneja. Akacheka, akasema barafu ni barafu. Nikamwambia tena wiki iliyofuata, nikimwonyesha viatu viwili ubavu kwa ubavu. Akasema niwe navinoa kama kawaida na nisijitie ukocha.

Safari ya mwaka huo ilikuwa karibu. Nilitaka kitu kimoja tu: kupanda basi pamoja na timu, nikiwa na mashine ndogo ya mkononi, niwanolee huko huko kwa barafu ya huko. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sikutaka nyongeza ya mshahara wala kofia yenye nembo. Nilitaka timu ishinde mara moja na watu wajue ni nani aliyeinoa. Ndiyo, nilitaka jina. Fundi asiye na jina ni mlinzi wa magari aliyeingia ndani kuepuka jua.

Hapo nikafanya kosa ambalo Mzungu asingeweza kulifanya hata angelipwa. Kwetu mtu hajisemei jambo zito. Ukitaka mke, ukitaka shamba, ukitaka kusamehewa na bosi, hujiendei mwenyewe kama mwombaji. Unatuma wazee wakusemee. Kinywa chako mwenyewe kinakushusha, kinywa cha wazee kinakupandisha. Basi nikamwendea shemasi wa kanisa letu, aliyekuwa mkaguzi wa shule Bukavu na sasa analinda magari kama mimi nilivyokuwa, nikamwomba anisemee kwa meneja. Akakubali, akamchukua na fundi cherehani mmoja Mrundi, mtu mzima mwenye mvi, ili wawe wawili.

Mke wangu alikuwa akisuka nywele za mteja niliporudi na habari hiyo. Aliacha mkono hewani.

"Weye mwenyewe hauna kinywa? Ule Mzungu hajue mambo ya wazee. Ataona watu wawili wa kostimu, ataogopa."

Nilimwambia suti ni heshima, na heshima haimtishi mtu. Akatikisa kichwa, lakini alipoona nimeshikilia, alifungua sanduku na kutoa kitenge kipya alichokuwa akikitunzia ubatizo wa mtoto wa dada yake, akasema kiende kwa mke wa meneja, maana mkono mtupu haulambwi. Nikikumbuka kile kitenge, hasira inanipanda upya.

Wazee walikwenda siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, wamevaa suti na tai, viatu vinang'aa, shemasi ameshika mkoba wake wa ngozi wa enzi za ukaguzi. Mimi, kama desturi inavyotaka, sikuwepo. Nilikaa kichumbani nikisubiri kuitwa. Baadaye shemasi alinisimulia yote.

Meneja alipoona suti mbili na mkoba, akauliza wanatoka chama gani cha wafanyakazi. Shemasi, asiyekurupuka na neno, akajibu wametoka kwa familia ya kijana wao aliyeko kazini hapa. Kisha akaanza pale adabu inapotaka uanzie: akamsalimia, akamuulizia mke na watoto, akasema kama kijana wao amekosa lolote katika nyumba hii basi wao wako tayari kulisikia na kuliombea radhi kabla ya kutaja lililowaleta. Kwetu huo ndio mlango. Hakuna mzee anayeomba kitu bila kwanza kufagia njia. Lakini meneja alisikia mambo mawili: kwamba nimeleta watu wa kumshitaki kwa sababu sina mkataba, na kwamba kuna kosa nimelifanya ambalo yeye hajaligundua bado. Fundi cherehani alipoweka kitenge mezani, likawa la tatu: hongo. Hawakufika hata kwenye neno Johannesburg. Meneja akasimama, akasema mambo ya namna hiyo yanapitia kwa mwanasheria wake, akawafungulia mlango.

Kitenge akakibakiza. Nadhani alikisahau tu. Nasema nadhani kwa sababu Biblia inanitaka nifikirie mema.

Alasiri ile akaja kichumbani. Akasema sitakwenda popote na timu, na kwamba Alhamisi jioni nikabidhi ufunguo. Mpwa wake atachukua kazi. Mimi nirudi nje kwenye magari kama nataka. Nilijaribu kumweleza kwamba wale walikuwa wazee wa kanisa tu, wamekuja kuomba nafasi kwenye basi. Alisema hilo ningelisema mwenyewe. Mke wangu alisema vivyo hivyo usiku, kwa maneno mengine, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba watu wawili wasiofanana kwa lolote walikubaliana juu yangu.

Jozi kumi na nane zililetwa Jumatano zinolewe kwa safari. Nilizipanga kwenye benchi nikazitazama. Ningeweza kuzinoa kama nilivyoagizwa, kama kawaida, nikawaacha wakateleze huko juu kama mbuzi kwenye vigae, na hakuna ambaye angenilaumu. Niseme ukweli: nililifikiria hilo, na lilikuwa tamu. Lakini mkono wa fundi una kiburi chake. Kazi yangu ya mwisho katika nyumba ile ingekuwa kazi sahihi. Nikalitengeneza jiwe upya, likawa na mgongo wa duara dogo, na nikachimba mfereji wa kina kwenye jozi zote, moja moja, nikipima kingo kwa sarafu iliyolazwa mpaka ikae bila kuinama. Sijawahi kunoa vizuri vile. Laiti kungekuwa na mtu wa kuona.

Alhamisi nilipokuwa nikikabidhi ufunguo nilimwambia meneja, polepole, kwa Kiingereza nilichokuwa nimekikariri: viatu hivi ni vya barafu ya Johannesburg, wasivijaribu hapa. Alikuwa akihesabu funguo. Nikarudia. Akasema sawa, sawa, bila kuniangalia.

Jioni ile ile wakafanya mazoezi ya mwisho. Nilikuwa nje na kizibao changu nikasikia kelele ndani. Watoto walikuwa wakianguka. Kila aliyejaribu kugeuka, chuma kilizama kwenye ile barafu yetu laini na mguu ukabaki nyuma. Mmoja alipasuka mdomo. Wazazi wakatoka nje wakanizunguka pale kati ya magari, na katibu, kwa sauti yake ya mahubiri, akasema nimeyaharibu makali kwa kisasi kwa kuwa nimeondolewa kazini. Nikamgeukia meneja, nikamwomba aseme nilichomwambia wakati wa kukabidhi ufunguo. Meneja akasema hakumbuki.

Mimi ambaye nina maneno ya kila kitu, siku hiyo Kiingereza chote kilinikimbia, Kifaransa kikaja, kisha Kiswahili, nikajikuta nawapigia kelele kwa Kiswahili kwamba wao ni wajinga na kwamba wangoje wafike juu waone. Kwao ilikuwa ni kelele tu za mtu mwenye hatia. Nikaambiwa nisionekane tena hata maegeshoni. Mpwa wa meneja akavinoa upya viatu vyote usiku ule, akichimba kidogo, kama kawaida. Vyote isipokuwa jozi moja, kama nilivyokuja kujua baadaye. Timu ilikuwa na msichana mmoja tu, beki wa miaka kumi na sita, binti wa katibu. Jioni hiyo hakuja mazoezini kwa sababu ya mtihani wa shule, na viatu vyake vilikuwa ndani ya mfuko wake tayari kwa basi.

Walikwenda, wakapigwa kama ilivyo ada yao.

Mimi nikaanza upya Albert Park. Mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, jiwe la kununua, meza ya kuokota, na nikawa nanoa mikasi ya mafundi cherehani na ya saluni mlangoni mwa jengo letu. Wateja walikuwa wetu wenyewe, Wakongomani na Warundi, na mkasi ukikata vizuri walisema. Kwa hiyo jina nikalipata, lakini la mtaa mmoja, na lile nililolitaka kwa timu bado sikuwa nalo.

Mwaka uliofuata katibu alitoa kijitabu chake. Jamaa yangu aliyebaki maegeshoni aliniletea nakala iliyoachwa juu ya kiti. Kurasa kama thelathini, picha za watoto wenye vikinga vya ugoko, sababu zote za miaka yote zikiwa zimepangwa vizuri, hewa, hoteli, waamuzi. Jirani yangu mwanafunzi, aliyekuwa amehama chumba chake cha Glenwood kwa sababu ya kodi, alinisomea pole pole. Kwenye mwaka wangu iliandikwa kwamba maandalizi ya timu yalivurugwa na mfanyakazi mmoja wa kigeni aliyeachishwa kazi, ambaye kwa makusudi aliharibu viatu vya wachezaji, na watoto hawakurudisha utulivu wao mpaka mwisho wa mashindano. Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikamwambia asome tena, akaniuliza kama niko sawa.

Shukrani ya punda ni mateke, najua, lakini punda haandiki kitabu. Nilitafuna mistari ile wiki nzima. Kuwa bila jina nilikuwa nimekuzoea. Sasa nilikuwa nimeingia katika historia ya mkoa mzima, nimeingizwa bila jina, kama mwizi anayeonekana mgongo tu.

Kwenye ukurasa uliofuata kulikuwa na picha ya yule binti. Alichaguliwa beki bora wa mashindano yale yale. Imara mno miguuni, aliandika baba yake. Niliitazama miguu ile kwenye picha, alivyoinama kwenye kona bila kuogopa, na nikajua amesimama juu ya makali yangu.

Wiki chache kabla ya safari iliyofuata, mchana kweupe, gari zuri lilisimama mbele ya meza yangu, injini ikinguruma. Katibu akashuka na mfuko wa plastiki wa dukani. Sijui nani alimwelekeza. Alitazama kulia na kushoto, watu wa barazani wakimtazama yeye, akatoa jozi moja ya viatu vya barafu na kuiweka kati ya mikasi yangu. Akasema binti yake anataka makali kama yale ya mwaka ule.

Nilikuwa na Kiingereza zaidi kufikia siku hiyo. Nikamuuliza alijua lini. Akavisogeza viatu karibu yangu. Nikamuuliza tena. Akasema binti yake aliwaambia mezani walipokuwa kule juu, kwamba yeye peke yake haanguki, na kwamba viatu vyake havikunolewa upya. Na kocha alivitazama akaelewa.

"Kwa hiyo ulipoandika kitabu, ulikuwa unajua," nikasema.

"Kitabu kilikuwa cha kamati," akasema. "Kimeshachapishwa. Nitakulipa vizuri."

Mke wangu alikuwa ametoka saluni, amesimama nyuma yangu na kitana mkononi. Nilihisi anataka nivinoe. Mtoto hana kosa, ndivyo alivyoniambia baadaye, na ni kweli. Lakini wakati ule nilivishika vile viatu, nikapitisha kidole kwenye chuma kwa mazoea, nikavirudisha ndani ya mfuko wa plastiki na kumpa.

"Lete viatu vyote, jozi kumi na nane," nikamwambia. "Mchana, hivi hivi, na meneja aje navyo. Nitavinoa bure."

Akautupa mfuko kwenye kiti cha nyuma. Akaingia garini. Hakurudi.

Walipanda Johannesburg na makali ya Durban. Jamaa wa maegeshoni aliambiwa na dereva wa basi kwamba walipigwa mechi zote, na kwamba yule binti aliteleza siku ya kwanza akagonga ukuta, akavunjika kifundo cha mkono, na michezo mingine aliitazama akiwa ameketi. Mke wangu aliniuliza kama sasa nimeridhika. Nilimwambia hapana. Ningeweza kumsimamisha yule mtoto kwa nusu saa ya kazi, lakini nilimrudisha baba yake na mfuko wake, na miaka yote hii sijajua kama ile ilikuwa haki au ilikuwa hasira tu imevaa suti. Lakini baba yake akija tena leo, na jozi moja, kwa siri, nitamwambia vile vile.